Kitalu Kisicho na Njia

Ujumbe uliingia saa tatu asubuhi, wakati Dira amepiga magoti sakafuni mwa ofisi yake, ramani imetandazwa mbele yake, pembe zake nne zimekandamizwa kwa stapla, kikombe na jozi ya viatu. Dira halikuwa jina lake la kuzaliwa; wateja ndio waliompa. Watu waliotaka kuwinda kihalali kwenye ardhi ya umma walimjia yeye, naye akawatafutia kitalu, kibali, barabara, maji, askari wa kufuatana nao na mahali pa kulaza ubavu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na mji mzima hakuwa na mpinzani. Hata waliomsema vibaya walimpigia simu kuuliza daraja gani limebomoka.

Aliusoma ujumbe mara moja, akausoma tena, kisha akakaa kitako juu ya ramani. Mama yake ameshinda kura ya nyati. Kitalu cha Tisa.

Sasa, mtu asiyeijua kazi hii atauliza, si habari njema hiyo? Ngoja kwanza. Kila mwaka idara ya wanyamapori hutoa vibali vichache vya nyati kwa raia wa kawaida, na kwa kuwa waombaji ni wengi kama siafu, hupigwa kura. Mwombaji huandika vitalu vitatu kwenye fomu, akianza na anachokitaka zaidi. Akikosa vyote, hupewa pointi moja ya kumwongezea nafasi mwaka unaofuata. Akipata chochote, hata kile cha mwisho, pointi zake zote zinafutwa, anaanza sifuri. Na mstari mmoja ukiachwa wazi, fomu inakwenda kwenye pipa la taka. Ndiyo maana wajuzi wana ujanja wao. Mistari miwili ya juu unaandika unavyovitamani. Wa tatu unaandika kitalu chenye foleni ndefu kuliko vyote, ambacho una hakika hukipati ng'o. Fomu inakuwa imejaa, na pointi zako ziko salama.

Hivyo ndivyo Dira alivyoijaza fomu ya mama yake. Mstari wa tatu aliandika Kitalu cha Tisa, kwa sababu mwaka uliotangulia kiliombwa na watu mia sita na kumi na wawili, na vibali vilikuwa viwili tu. Tena aliipeleka siku ya kwanza kabisa dirisha lilipofunguliwa, akajipongeza njiani. Wiki tatu baadaye, ranchi ambayo barabara ya kitaluni hupita ndani yake ikauzwa. Mmiliki mpya akatia geti kufuli kubwa kama kobe. Waombaji wenye akili zao wakasikia, wakaomba kwingine. Dira naye alisikia, akawaonya wateja wake wote kwa simu, mmoja mmoja. Fomu ya mama yake, iliyokuwa imeshalala idarani, ilimtoka kabisa akilini.

Mwaka huu Kitalu cha Tisa kiliombwa na watu wawili. Mmoja alikuwa shemeji wa mwenye ranchi. Wa pili alikuwa Mama.

Simu ililia kabla Dira hajainuka.

"Umeona?" Mama hakuwa na haja ya simu, sauti ile ingefika hata kupitia dirishani. "Umeona maajabu hayo? Kitalu cha Tisa! Si ndicho wakubwa wanachotoana macho?"

"Ndicho, Mama."

"Na wewe ukaniambia tunakiandika kujazia tu! Kumbe mwanangu una mkono mwepesi. Miaka kumi na moja naambulia pointi, leo nyati mwenyewe! Ngoja nikate, nimwambie fundi cherehani."

Akakata. Dira alibaki na simu sikioni. Alitaka kusema "geti limefungwa," maneno mawili tu, asiyaseme.

Mama alikuwa na miaka sitini na sita. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia jikoni mwa kambi za wawindaji, akipika kwa kuni na kwa upepo wa kila upande. Aliwapikia wanaume waliorudi na nyati na wanaume waliorudi na visingizio, na wote walinyoosha sahani bila kutazama nani anapakua. Alisikia hadithi zao kila jioni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuogopa, kwa jinsi walivyosimulia. Alipostaafu alisema sasa zamu yangu, na watu wakacheka, wakidhani ni utani. Akaenda kwenye mtihani wa shabaha na miwani yake ya kusomea. Risasi kumi, tisa ndani ya duara. Mtahini aliivua kofia, akaivaa tena, akaomba arudie. Akarudia, zikaingia kumi.

Mchana ule Dira alimkuta sebuleni amevaa gauni la nyumbani na mabuti mapya, anakwenda mguu mosi mguu pili kutoka kabatini hadi mlangoni, kuyalainisha. Fundi cherehani ameshajua, mwenye duka la dawa ameshajua, na jirani wa ukuta mmoja ameshaahidiwa mguu wa nyuma.

"Mbona uso umekupauka?" Mama aliuliza. "Una homa?"

"Jua tu, Mama."

Uongo wa kwanza huo. Dira hakuupenda, lakini alijiambia kwamba mtu ambaye kazi yake ni kutafuta njia hawezi kumpelekea mama yake tatizo kabla hajalitafutia njia. Msimu ulikuwa unafunguliwa baada ya wiki sita, kibali kilikuwa cha siku kumi, na pointi kumi na moja zilikuwa zimeshafutwa. Mama asipoingia safari hii, angeanza kupanga foleni upya akiwa na miaka sitini na saba. Dira alipiga hesabu ya umri, akaiacha njiani.

Kesho yake aliendesha gari hadi kwenye geti. Meneja wa ranchi alikuwa mtu nadhifu, mpole, na mpole wa aina ile hukasirisha kuliko mkali.

"Agizo la bosi, dada. Awe na kibali, asiwe nacho, hapiti mtu."

"Kitalu ni cha umma."

"Kitalu ni cha umma, sikatai. Lakini hapa uliposimama si pa umma."

Na ilikuwa kweli, ndiyo iliyomuuma. Alizunguka siku mbili kuchungulia pande nyingine. Mashariki na kusini ni mashamba ya bosi yuleyule. Magharibi ni genge la mawe ambalo hata nyani hulipanda kwa kufikiria. Alirudi mjini vumbi tupu, nywele na kope, roho imemshuka hadi magotini.

Siku ya nne aliingia ofisi ya ardhi. Chumba cha ramani kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya stoo ya mifagio, na karani wa ramani alipomwona mtu mlangoni alishtuka kama mwenye nyumba aliyetembelewa bila taarifa. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu.

"Umepotea?" aliuliza.

"Nataka hati ya upimaji ya ranchi iliyouzwa. Na ramani ya zamani kuliko zote ulizonazo."

Karani alisimama. Uso ulimchanua. "Ya zamani kabisa?"

Walikaa saa nne. Karani alifungua mirija ya mabati, akatandaza karatasi zilizokuwa nzito kama ngozi, akatoa lenzi, akasahau kwenda kula. Ni yeye aliyeuona kwanza. Kidole chake kilifuata mstari wa mto wa msimu, ule unaotoka kitaluni, unakatiza ranchi katikati na kupita chini ya daraja la barabara kuu. Kwenye hati ya mauzo, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba kitanda cha mto na hatua thelathini kila upande havimo katika eneo lililouzwa.

"Havimo," karani alirudia, akagonga meza. "Mto haujauzwa, mwanangu! Mto ni wako, ni wangu, ni wa yule kuku pale nje. Kiangazi ni mchanga mtupu. Unashuka darajani, unatembea, hujakanyaga mali ya mtu."

"Gari?"

"Gari marufuku mtoni. Miguu tu."

"Umbali gani?"

Karani aliweka rula, akahesabu kwa midomo. "Kilomita kumi na moja."

Dira alimkumbatia, miwani na yote. Kisha, kwenye ngazi za ofisi, furaha ikamwishia. Kilomita kumi na moja za mchanga, na mama wa miaka sitini na sita. Sasa hakukuwa tena na pa kujificha, ilibidi aseme.

Alisema jioni hiyo hiyo, mezani, chai ikiwa bado haijamiminwa. Alisema yote kwa mkupuo: fomu, mstari wa tatu, kufuli, namna alivyowakumbuka wateja wote akamsahau aliyemzaa. "Pointi zako zimekwenda kwa uzembe wangu, Mama. Nisamehe."

Mama aliinama. Alivua buti moja, akalikung'uta ingawa halikuwa na kitu, akaliweka mezani karibu na sukari.

"Waombaji tulikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Na huyo mwenzangu atapita getini. Kwa gari."

"Ndiyo."

"Wawindaji wa magari nimewapikia miaka thelathini na mmoja," Mama alisema taratibu, na tabasamu likaanza kumtambaa usoni. "Chai ya kwanza saa mbili. Ya pili saa tatu. Halafu mmoja amesahau kofia. Nyati wanakuwa wameshalala usingizi wa pili." Akapiga paja. "Mwanangu, kitalu ambacho watu mia sita walikuwa wanakililia, mwaka huu ni changu peke yangu hadi saa nne asubuhi kila siku! Na wewe unaniomba msamaha?"

Alicheka hadi miwani ikamdondoka. Dira alicheka naye huku machozi yanamtoka, na mzigo aliokuwa ameubeba siku nne ulimtua pale pale.

"Kumi na moja za mchanga, Mama."

"Basi kesho naanza kutembea. Hii sebule imeshakuwa ndogo."

Kilichobaki kilikuwa nyama. Nyati mmoja ni zaidi ya uzito wa watu wanane, na sheria haitaki hata kilo ioze porini. Dira, mwenye magari mawili ya porini yanayong'aa, alijikuta akiulizia punda. Akaelekezwa kwa bwana mmoja aliyekuwa akibeba mchanga wa ujenzi, mwenye punda kumi na mmoja, aliyeitwa Kocha kwa sababu alizungumza nao kama timu uwanjani.

"Namba tisa ana ubinafsi," Kocha alimwonya, akionyesha punda mweusi. "Lakini mechi kubwa hajawahi kuniangusha."

Siku ya ufunguzi, alfajiri, walishuka chini ya daraja: Mama mbele na fimbo, Dira, mjomba wake ambaye ni mdogo wa Mama na mfuata nyayo wa miaka mingi, askari wa wanyamapori wa kusimamia sheria, na nyuma yao Kocha na kikosi kizima. Mchanga ulikuwa bado baridi. Kwenye kilomita ya nne walikuta waya wa ranchi umevutwa kukatiza mto, ukingo hadi ukingo. Askari alitoa daftari, akaandika bila kusema neno. Mama hakungoja. Alilala chali, akajisukuma chini ya waya kwa visigino, akatokea upande wa pili na majani kwenye kilemba.

"Mnanitazama nini?" alisema. "Punda wainuliwe waya, wale ni watu wazima."

Walifika kitaluni saa sita. Hapakuwa na alama ya tairi hata moja. Nyayo za nyati zilikuwa kila mahali, nene, mpya, zimekanyagana, na mjomba alizunguka akitikisa kichwa kama mtu aliyeingia dukani akakuta kila kitu bure.

Asubuhi ya pili, jua halijapata nguvu, mjomba aliwakuta madume wazee watatu wakichunga ukingoni mwa kichaka. Alitikisa soksi yenye majivu. Majivu yakarudi usoni mwao, upepo mzuri. Walitambaa. Dira alikuwa nyuma ya mama yake na aliona soli za mabuti zikienda mbele kidogo kidogo, na moyo ulimpiga hadi akahofia nyati watausikia. Mjomba alisimika miti mitatu ya kuegemezea bunduki. Mama akainuka, akaweka bunduki.

"Dada, wa kushoto," mjomba alinong'ona. "Ngoja ageuke."

Nyati hakugeuka. Alisimama akiwatazama kwa pua, kichwa juu, pembe pana kama mlango. Dakika zikapita. Nzi alitua kwenye mdomo wa Mama, akatembea kutoka kona hadi kona, na Mama hakumfukuza. Kisha nyati akapiga hatua moja pembeni.

Mlio ulijaza bonde zima. Nyati alikunja mgongo, akatimka kichakani na wenzake, matawi yakavunjika, halafu kimya. Mjomba aliinua kidole, kusikiliza. Kutoka kichakani ikaja sauti moja ndefu, ya chini, ambayo wawindaji wote huijua. Mjomba alivua kofia.

"Amekwisha, dada."

Mama aligeuka, bunduki mkononi, macho yamemtoka. "Nani kapiga?"

"Wewe, Mama!"

"Mimi?" Akakaa chini palepale kwenye miba, akalia na kucheka kwa pamoja, na Dira akamwangukia shingoni, na mjomba akawaangukia wote wawili. Askari alijifanya anaandika, lakini daftari alikuwa amelishika juu chini.

Saa tano walikuwa katikati ya kazi ya kukata na kupakia nyama, kwenye ukanda wa mchanga mweupe pembeni mwa mto. Punda sita walishapakiwa. Kocha alikuwa na damu hadi viwikoni, akimpa namba tisa maelekezo ya mwisho. Mama alitaka kwenda motoni, Dira akamkatalia katakata na kumkalisha juu ya jiwe, mabuti yamevuliwa, nyayo mchangani, na akampa sahani ya ini alilochoma mwenyewe, upande mmoja mkaa, upande mwingine bichi. Mama alikula lote bila kutoa maoni, na hiyo kwa Mama ilikuwa heshima kubwa.

Ndipo gari lilipotokea upande wa ranchi. Alishuka meneja nadhifu, na nyuma yake shemeji wa bosi, nguo za porini zingali na mikunjo ya pasi. Meneja aliona punda, akaona pembe, akaona moshi. Upole wote ulimtoka.

"Mwindaji nani hapa?" Akaanza na Kocha, kwa sababu ya damu. "Wewe?"

"Mimi kocha."

Akamgeukia askari, akaiona sare, akaachana naye. Akamgeukia mjomba.

"Mimi nafuata nyayo tu," mjomba alisema, akaonyesha kwa kidevu.

Meneja alitazama kule kidevu kilikoelekea, akaona mama wa umri wa kustaafu anafuta sahani kwa kidole. Akatazama nyuma yake, labda yuko mwingine. Hakukuwa na mwingine.

"Mwindaji ni mimi," Mama alisema. "Kibali kiko hapa. Kimeloa jasho kidogo, usijali."

Meneja alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena. Dira akamfungulia ramani juu ya boneti la gari lake mwenyewe, akamwonyesha mto ambao haukuuzwa, hatua thelathini huku na hatua thelathini kule. Alikuwa ameisubiri dakika hiyo wiki sita na aliifaidi yote.

"Na ule waya mtoni," askari aliongeza, "ungeondolewa leo, mimi ningeandika kwamba niliukuta umeondolewa."

Lakini shemeji hakuwa akisikiliza hayo. Alikuwa amechuchumaa kwenye kichwa cha nyati, mkono umesimama hewani karibu na pembe, hathubutu kugusa. Alikuwa kijana kuliko Dira alivyotegemea, na ilionekana wazi kwamba hajawahi kuwinda kitu.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "alikuwa umbali gani?"

"Hatua thelathini na nane. Mdogo wangu kazipima."

"Na... hukuogopa?"

Mama aliweka sahani chini. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amesikia jibu la swali hilo likitolewa na watu wengine, jioni baada ya jioni, na yeye akiwa amesimama nyuma ya sufuria.

"Niliogopa hadi nikasahau kuwa ni mimi niliyepiga," alisema. "Keti hapa, baba, nikuhadithie. Kocha, msogezee nafasi."

Shemeji akaketi mchangani na nguo zake za pasi. Meneja alisimama kidogo, akaona hakuna anayemjali, naye akaketi. Mama akaanza mwanzo kabisa, darajani, kabla ya jua kutoka, na mikono yake ikaanza kuchora hewani. Dira aliweka kipande kingine cha ini motoni na kukisahau, kwa sababu hadithi aliijua yote na bado alitaka kusikia itakavyokwisha.